Mtandao wa Umeme Ujue Unapouma

Masika iliyopita, saa tatu usiku, upepo ulivuma mtaani kwetu na taa zikaanza kucheza. Zilizima, zikawaka, zikazima tena, zikawaka kidogo, kisha giza likatulia. Baadaye gari la dharura likafika na mafundi wawili, mmoja na ngazi begani, mwingine na tochi mkononi. Aliyepiga simu alikuwa amewaelekeza "karibu na kinu cha kusaga", basi wakaanzia hapo, wakitembea chini ya waya na kumulika nguzo moja baada ya nyingine. Jirani yetu, mama mtu mzima, akatoka nje na kanga yake mabegani.

"Shikamoo mama," akasema yule wa tochi.

"Marahaba wanangu. Tatizo mmeshaliona?"

"Bado mama. Tunaifuata laini."

Waliifuata hadi karibu saa sita. Nyuma ya msikiti walikuta tawi la mwembe limelalia waya. Kuliondoa na kubadilisha fyuzi iliyoungua hakukuwachukua hata nusu saa. Muda wote uliobaki, tuliokaa gizani na vyakula vikiyeyuka kwenye majokofu, ulikuwa muda wa kutafuta.

Tangu usiku ule jibu la fundi halijanitoka. Kwa miaka mingi tulipoulizana kwa nini umeme unakatika, jibu lilikuwa uhaba: mabwawa yamekauka, mitambo ni michache, kuna mgao. Kwa Tanzania jibu hilo limepungua uzito. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, kiasi kinachozidi mahitaji ya kilele ya nchi nzima ya wakati huo. Umeme upo. Hata hivyo mtaa unaweza kulala gizani kwa sababu ya tawi moja la mwembe. Swali limehama kutoka mitamboni na kuja kwenye nguzo za mtaani, na uchambuzi huu unahusu nguzo hizo: jinsi mtandao wa usambazaji unavyoweza kutambua hitilafu, kujitibu na kugawa vizuri umeme ulio nao.

Hoja yangu ni moja. Akili ya mtandao ni kujua unapouma, na mahali pa kuanzia kuujengea akili hiyo ni kwenye transfoma.

Mti wenye shina moja

Umeme hutoka mitamboni na kusafiri mbali kwa msongo mkubwa, kilovolti 220 au 400. Ukikaribia mji, kituo cha kupoza umeme huushusha hadi kilovolti 33, na mara nyingi kingine huushusha tena hadi 11. Kutoka hapo laini hupita barabarani na vichochoroni mpaka kwenye transfoma ya mtaa, ambayo huushusha hadi volti 400 kwa mashine kubwa na 230 kwa nyumba zetu.

Laini nyingi za aina hii zimejengwa kama mti: shina moja kituoni, matawi mitaani, majani ndiyo nyumba. Ujenzi huo ni rahisi na gharama yake ni ndogo, na ndio uliowezesha umeme kufika mbali. Udhaifu wake ni kwamba hitilafu ikitokea kwenye shina, kila jani linakauka, hata lile lililo mbali kabisa na palipoharibika.

Bahati nzuri, hitilafu nyingi za waya za juu ni za kupita. Kuti la mnazi limegusa waya na kuanguka chini, ndege ametandaza mbawa kati ya waya mbili, radi imepiga karibu. Ukikata umeme kwa sekunde chache na kuurudisha, unakuta hakuna tatizo tena. Kwa sababu hiyo kwenye laini nyingi hufungwa swichi inayojirudisha yenyewe. Ikihisi mkondo usio wa kawaida hukata, husubiri kidogo, hurudisha, na ikikuta tatizo bado lipo hukata tena. Ikishindwa mara kadhaa, hufunga njia na kumngoja fundi. Taa zilizocheza usiku ule mtaani kwetu hazikuwa zikihangaika ovyo. Swichi ilikuwa ikilipa tawi la mwembe nafasi ya kuanguka lenyewe. Tawi halikuanguka, na fyuzi ya mchepuko wetu ikaungua ili sehemu iliyobaki ya laini isiumie.

Hiyo ni akili ya kwanza ya mtandao, na ni ya zamani. Upungufu wake ni kwamba swichi na fyuzi zimejua kuna tatizo, lakini hazikumwambia mtu.

Kujua, kutenga, kurudisha

Mtandao wenye akili hufanya mambo matatu kwa mfuatano. Kwanza hujua palipoumia. Vihisi vidogo vinavyoning'inizwa kwenye waya hukumbuka kama mkondo mkubwa wa hitilafu umepita hapo au la. Palipo kati ya kihisi cha mwisho kilichouona na cha kwanza kisichouona ndipo penye tatizo. Pili hutenga. Swichi zilizo pande mbili za kipande kilichoharibika hufunguka ili kukiweka peke yake. Tatu hurudisha. Vipande vizima vilivyo kabla ya tatizo hupata umeme kutoka kituo chao cha kawaida, na vilivyo baada yake hulishwa na laini ya jirani kupitia swichi ya kuunganishia ambayo kwa kawaida huwa wazi, yaani haipitishi umeme.

Tuhesabu kwa mfano wa kubuni. Laini ina wateja 6,000 waliogawanyika sawa katika vipande vinne, na hitilafu moja inachukua saa tatu kupatikana na kutengenezwa. Kwa utaratibu wa kuifuata laini kwa tochi, wateja wote wanakaa gizani saa tatu: zidisha, upate saa 18,000 za giza. Weka swichi za kutenga na njia ya jirani: wateja 4,500 wanarudishiwa umeme ndani ya dakika moja au mbili, na 1,500 tu ndio wanaongoja saa tatu. Saa za giza zinashuka hadi 4,500 na ushei. Ongeza vihisi vinavyomwelekeza fundi moja kwa moja, muda wote wa kutafuta na kutengeneza upungue kwa nusu, nazo zinashuka hadi takriban 2,250, yaani kama sehemu moja ya nane ya zile za mwanzo. Idadi ya hitilafu haijapungua hata moja, wala hakuna bwawa lililojengwa.

Hili si jambo la kwenye makaratasi. Mji wa Chattanooga, Tennessee, nchini Marekani, ulipata mwaka 2009 ruzuku ya serikali kuu ya dola milioni 111.6. Shirika lake la umeme, EPB, lilitandaza nyuzi za mawasiliano mjini kote na kufunga takriban swichi 1,200 zinazojiendesha. Dhoruba zinazoangusha miti hazikukoma, ila kila swichi inazungumza na jirani yake, na nyumba nyingi zinarudi kwenye mwanga kabla fundi hajawasha gari.

Bila njia ya pili hakuna muujiza

Kuna sharti moja ambalo wauzaji wa mitambo hulitaja kwa sauti ya chini: kompyuta haiwezi kupitisha umeme mahali pasipo na waya. Kama laini yako haina jirani wa kuilisha, akili yote ya dunia itakuambia tu, kwa usahihi mkubwa, kwamba uko gizani.

Sisi watu wa pwani tumelipia somo hili. Kuanzia mwaka 1980 Unguja ilitegemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, hadi Fumba. Mei 2008 njia hiyo ilipata hitilafu na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikaharibika tena, na mara hii umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu za maji zilisimama, watu wakabeba ndoo, hoteli na maduka yenye uwezo yakaungurumisha jenereta mchana na usiku, na asiye na uwezo akarudi kwenye kibatari. Hapakuwa na swichi ya kugeuza, kwa sababu hapakuwa na pa kugeukia. Mwaka 2013 waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa. Ule wa bahari ulikuwa njia ya kusafirisha umeme, si laini ya mtaani, lakini kanuni ni ileile kuanzia baharini mpaka uchochoroni: huwezi kurudisha umeme kwa haraka ikiwa njia ni moja.

Kwa hiyo mji unaotaka mtandao wenye akili sharti uanze kuziunganisha laini zake zinazokaribiana ncha kwa ncha. Mara nyingi kinachokosekana ni nguzo chache na swichi moja kati ya mtaa wa mwisho wa laini hii na mtaa wa mwisho wa laini ile.

Mzigo ni nusu ya tiba

Hapa ndipo utengenezaji wa hitilafu na usimamizi wa nishati vinapokutana, ingawa mara nyingi hujadiliwa kana kwamba havijuani. Jirani anayekubali kukubebea mzigo lazima awe na nafasi. Hitilafu ikitokea saa nane mchana, laini ya jirani inaweza kuchukua mitaa miwili bila taabu. Ikitokea saa mbili usiku, pasi, majiko, televisheni na viyoyozi vyote vikiwa kazini, kumwongezea mzigo ni kumwangusha naye.

Kenya ililiona hilo tarehe 7 Juni 2016 kwa namna ambayo watu wengi bado wanaikumbuka. Tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma na kuizima. Mitambo mingine ya kituo hicho ikazidiwa na mzigo ulioachwa, nayo ikajizima. Zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi nzima ikaingia gizani kwa zaidi ya saa tatu. Watu walimcheka tumbili, naye alitoka hai. Kilichoiangusha nchi kilikuwa mzigo uliohamia kwenye mabega yasiyokuwa tayari.

Basi kusimamia nishati ni kujua, kwa kila laini na kila transfoma, mzigo ulioko sasa hivi na nafasi iliyobaki. Ukijua hivyo unaweza kufanya mambo mengi. Unaweza kuhamisha sehemu ya wateja tu badala ya wote. Unaweza kuitanguliza hospitali na pampu ya maji kabla ya mabango ya matangazo. Unaweza kupunguza kilele chenyewe kwa bei, kama Kenya ilivyoanza mwaka 2017 kuwapa wenye viwanda unafuu kwa matumizi ya usiku, gridi inapokuwa na nafasi. Unaweza kuiona transfoma inayozidiwa kila jioni na kuibadilisha kabla haijaungua, badala ya kuwaacha watu wa mtaa wachangishane kununua mishumaa kwa wiki nzima.

Nyumba zenye sola na betri zinaongeza neema na hatari kwa pamoja. Betri za mtaa zinaweza kusaidia saa za kilele. Lakini paneli au jenereta iliyounganishwa bila swichi ya kubadilishia inaweza kurudisha umeme kwenye laini ambayo fundi anaamini imekufa. Transfoma ile ile inayoshusha msongo, umeme ukipita kinyume, huupandisha. Volti 230 za jenereta ya dukani huwa maelfu ya volti mikononi mwa baba wa watu aliyeko juu ya nguzo. Kila anayemwachia kishoka, yule fundi asiye na kibali, amfungie jenereta kienyeji anapaswa kulijua hili.

Mita inayosikia lakini haisemi

Watetezi wengi wa mtandao wenye akili huanza na mita ya nyumbani, na sisi Afrika Mashariki tunaweza kujidanganya kwamba hapo tumeshafika. Tuna mita za kulipia kabla: LUKU Tanzania, tokeni Kenya, Yaka Uganda, Cashpower Rwanda. Kulipa umeme kadiri unavyoutumia kumetuondolea ugomvi wa bili, na si jambo dogo.

Hata hivyo tarehe 24 Novemba 2024 ilituonyesha mita hizi ni za namna gani. Namba za malipo ya mita za mfumo huo duniani kote hubeba saa iliyohesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216, nazo zilimalizika siku hiyo. Kila mita ililazimika kufanyiwa mabadiliko kabla ya hapo, la sivyo isingepokea tena umeme. Na yalifanyikaje? Mwenye nyumba alisimama mbele ya mita yake na kubonyeza tarakimu 20, kisha 20 nyingine, kisha 20 za umeme alioununua. Mamilioni ya vidole, nyumba kwa nyumba, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuzifikia mita hizo kutoka ofisini.

Mita ya namna hiyo husikia ikiambiwa, lakini haisemi. Umeme ukikatika inazima kimya kimya. Mtandao mzima hutegemea mteja apige simu na kusema "karibu na kinu cha kusaga". Italia ilichukua njia nyingine: kuanzia mwaka 2001 shirika la Enel lilifunga mita zaidi ya milioni 30 zinazowasiliana na ofisi kwa kutumia waya za umeme zenyewe. Mita za kisasa zaidi huweza hata kutuma ujumbe wa mwisho zinapopoteza umeme, kama mtu anayeita jina la jirani kabla hajazirai. Simu mia moja hazihitajiki. Transfoma iliyokufa inajulikana kwa ukimya wa mita zilizo chini yake.

Ila ukimya huo una maana ikiwa tu ofisi inajua mita ipi iko chini ya transfoma ipi. Hapa ndipo penye kidonda. Mitaa inakua, transfoma zinaongezwa, nyumba zinahamishwa kutoka laini moja hadi nyingine ili kusawazisha mzigo, vishoka wanaunganisha wanavyojua, na daftari linabaki kama lilivyoandikwa siku ya kwanza. Mashine yenye akili ikipewa ramani ya uongo itatoa amri za uongo kwa kasi ya ajabu. Itampeleka fundi mtaa usiohusika, au itamwambia laini imezimwa ilhali ina moto.

Kompyuta nayo huumwa

Nani atatulinda na walinzi hawa wapya? Tarehe 14 Agosti 2003, waya za Ohio zilizolegea kwa mzigo na joto ziligusa miti. Programu ya kengele katika chumba cha usimamizi ilikuwa imekufa bila wasimamizi kujua, na hitilafu iliyoweza kudhibitiwa ikasambaa hadi watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada wakakosa umeme. Tarehe 23 Desemba 2015, nchini Ukraine, wavamizi waliingia kwenye kompyuta za makampuni matatu ya usambazaji. Wafanyakazi waliona kishale cha kompyuta kikijisogeza chenyewe na kufungua swichi za vituo, moja baada ya nyingine. Wateja wapatao 225,000 wakazimiwa.

Lakini umeme ulirudi baada ya saa chache, kwa sababu mafundi waliwahi kwenye vituo na kurudisha swichi kwa mikono. Kila swichi inayojiendesha inapaswa kubaki na mpini wake, na kila zamu ya mafundi ibaki na watu wanaojua kuutumia. Siku tutakayowapunguza mafundi kwa sababu tumenunua kompyuta, tutakuwa tumeuza ngao ili kununua mkuki. Vilevile mita inayosema hutoa siri za nyumba: saa mnayoamka, siku mnazosafiri. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Taarifa za mita zinastahili ulinzi uleule.

Pa kuanzia

Nchi zetu hazina fedha za kuifanya kila nyumba kuwa Italia wala kila mji kuwa Chattanooga kwa bajeti ya mwaka mmoja, na hazilazimiki. Kazi inaweza kwenda kwa mpangilio, hatua moja ikiilipia nyingine.

Ya kwanza ni ramani. Vijana wenye simu za mkononi wapite mtaa kwa mtaa, waandike kila mita iko chini ya transfoma ipi, na kila transfoma iko kwenye laini ipi. Kazi hii haihitaji mtambo kutoka ng'ambo, na bila hiyo kila kitakachonunuliwa baadaye ni hasara.

Ya pili ni mita moja inayosema kwenye kila transfoma, kabla ya kufikiria nyumba. Mita hiyo itajulisha umeme ukikatika, itapima mzigo wa jioni, itaonyesha tofauti kati ya umeme ulioingia na uliolipiwa, na itapiga kelele mwizi akija kufyonza mafuta ya transfoma usiku. Transfoma moja hulisha nyumba nyingi, kwa hiyo gharama ya kifaa kimoja inagawanyika.

Ya tatu ni vihisi, swichi zinazojirudisha na swichi za kuunganishia, vikianzia kwenye laini zinazokatika zaidi na zile zinazolisha hospitali na pampu za maji. Sambamba na hapo panga za kukatia miti zisilale, maana tawi lililokatwa Januari halihitaji kihisi mwezi Aprili.

Ya nne ni ukweli. Wasimamizi wa sekta hupima wastani wa dakika ambazo mteja alikaa bila umeme kwa mwaka, na idadi ya mara alizokatiwa. Takwimu hizo zibandikwe laini kwa laini, kwa Kiswahili, mahali ambapo mwenye saluni na mwenye kinu wanaweza kuzisoma na kulinganisha mtaa wao na wa jirani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na laini mbovu iliyojificha ndani ya wastani wa mkoa haitatibiwa kamwe.

Nasi wateja tuna sehemu yetu: tumkatae kishoka, tufunge swichi ya kubadilishia kwenye jenereta na sola zetu, tusipande mwembe chini ya waya, na tuulize kwenye mikutano ya mtaa swali lililo sahihi. Tumezoea kuuliza umeme utarudi lini. Tuanze kuuliza kama transfoma yetu iko kwenye ramani, na kama laini yetu ina njia ya pili. Mtaa usioweza kujibu maswali hayo mawili, mafundi wake wataendelea kuifuata laini kwa tochi.